Kahawa ya Barafu kwenye Friji la Fundi

Kopo la tatu nalo likatoka supu.

Povu alilichomoa kwenye mashine, akafungua kifuniko, akachungulia. Juu vilielea vipande vya barafu, vimevunjika ovyo kama vigae vya paa lililoangukiwa na mti. Chini yake kulikuwa na maji ya kahawia, baridi kidogo, matamu kidogo, mtu asingejua ayanywe au ayamwage. Jumanne yalitoka hivyo. Jumatano hivyo. Na leo Alhamisi, baada ya kupunguza sukari, kuongeza maziwa na kusoma dua zote anazozikumbuka, hivyo hivyo.

"Hiyo sasa ni ya kunywa au ya kunawia?" Mama aliuliza. Alikuwa ameketi upande wa pili wa meza ya jikoni, anachambua mchele, na hakuwa hata ameinua macho.

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Mimi nataka kujua nilete glasi au nilete beseni."

Jina la Povu binti huyu hakupewa na wazazi. Alilipata mgahawani, ambako kwa miezi saba alikuwa anasimama kwenye sinki la nyuma, sponji mkononi, povu hadi kwenye viwiko. Akiitwa mbele, anakwenda nalo; akirudi, unaweza kumfuata kwa matone. Mama alilisikia jina hilo siku moja tu, akalipenda, akalihamishia nyumbani bila kumwomba mtu ruhusa.

Basi Povu alikuwa na haja moja tu duniani, nayo haikuwa kubwa: kukauka. Ncha za vidole vyake zilikuwa na makunyanzi kama za bibi wa miaka tisini, ilhali mwenyewe ana ishirini na mbili. Alitaka kusimama kaunta, kule mbele, kwenye harufu ya kahawa na watu waliooga, atengeneze vinywaji kwa mikono mikavu. Na Jumatatu ile nafasi ilikuwa imejitokeza. Dada wa kaunta aliaga kwamba mwisho wa wiki anahama mji. Povu hakungoja hata dada yule amalize kuaga. Alikimbia ofisini kwa Bosi, mikono inadondosha, akasema nyumbani ana mashine ya kutengeneza kahawa ya barafu, ile nzito ya kunywa kwa mrija, na kwamba anaijua vizuri sana.

Ana mashine, huo ulikuwa ukweli. Anaijua vizuri, hapo ulimi uliteleza.

Bosi alimtazama. Alikuwa mtu ambaye akifurahi hukunja uso, akikasirika hukunja uso, na tofauti yake unakuja kuijua kesho.

"Kaunta yangu siyo maabara," alisema. "Hujaribu hapa. Jumamosi nanyoa pale kwa kinyozi wa mtaani kwenu. Saa kumi kamili nitapita nyumbani, unionjeshe. Ikiwa kitu cha maana, Jumatatu unasimama mbele. La sivyo, nina mpwa wangu hana pa kusimama."

Mpwa huyo Povu alimjua. Alikuja mgahawani mara moja, akavunja mlango wa choo kwa kuusukuma wakati umeandikwa vuta.

Sasa mashine yenyewe. Mama mdogo aliishinda kwenye bahati nasibu ya duka. Alikuwa ameomba apate jiko, akapata chombo hicho, akakileta kwa dada yake akisema kinamtazama vibaya. Kilikuwa kirefu, cheusi, kimenuna, na kilikuja na makopo mawili na kijitabu cha maelekezo. Kijitabu kilisema mambo machache, lakini kwa ukali: mimina kahawa yako na maziwa hadi kwenye mstari, usizidishe, weka kopo kwenye friza, likae sawa, lisiegemee, ligande saa ishirini na nne mfululizo, kisha litie kwenye mashine, bonyeza, visu vishuke vilikwangue barafu yote iwe laini. Neno "mfululizo" lilipigwa mstari. Povu alilisoma, akaliona la kawaida, akapita.

"Tatizo ni sukari," Mama alisema, akipuliza makapi.

"Jana ulisema tatizo ni maziwa."

"Jana lilikuwa maziwa. Leo umeshayarekebisha."

Mlangoni akatokea Baba. Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu kabla ya kustaafu alikuwa fundi umeme miaka thelathini na moja, na nyumba hii aliivuta nyaya yeye mwenyewe, chumba kwa chumba. Alikuwa bado anatembea na tesita ya kupimia umeme kwenye mfuko wa shati, kama daktari na kipimo chake. Aliikaribia mashine, akaigonga ubavuni kwa kidole, akasikiliza.

"Mota ndogo," alitoa hukumu. "Kelele nyingi, kazi hakuna. Nimewahi kufanya kazi na watu wa hivi."

"Baba, mashine haina shida. Barafu ndiyo haigandi katikati."

"Basi tatizo ni kahawa. Kahawa ni kitu cha moto. Unailazimisha."

Povu alifumba macho, akahesabu hadi kumi, akafika sita akashindwa. Aliimwaga supu ile, akaosha makopo, kuosha hapo hakuna aliyemzidi, akachemsha kahawa mpya, akachanganya maziwa, akaonja, akaongeza kijiko cha kakao kwa hasira, akaonja tena, akaona hasira imefaa. Akamimina hadi kwenye mstari. Akayapanga makopo mawili kwenye friza, sawa kabisa, akahakikisha kwa kijiti cha Fundi cha kupimia usawa, chenye kiputo ndani ya maji. Friji likanguruma. Yeye akaenda kulala na matumaini yaliyochakaa.

*

Ijumaa saa sita kasorobo maji yakakatika mgahawani. Bosi alisimama mbele ya sinki kavu, akakunja uso, akamwambia Povu aende zake nyumbani, kwani muosha vyombo bila maji ni mpambe tu.

Povu alifika nyumbani saa sita na robo, saa ambayo siku za kazi huwa hayupo kamwe. Nyumba ilikuwa kimya. Mwanzo hakujua kilichomshtua ni nini. Alivua viatu, akanywa maji, akasimama katikati ya jiko, akageuza kichwa upande mmoja kama kuku.

Friji lilikuwa halingurumi.

Alilishika ubavuni. Halikutetemeka. Alifungua mlango, taa haikuwaka. Akaufuata waya kwa macho, kutoka nyuma ya friji, juu ya ukuta, hadi kwenye msumari mmoja uliopigiliwa vizuri karibu na soketi. Juu ya msumari, imening'inizwa kwa unadhifu kama kofia ya mgeni wa heshima, ilikuwepo plagi.

"Babaaa!"

Fundi alikuwa kibarazani na redio yake. Aliingia polepole, miwani kwenye paji la uso. "Umerudi mapema, mama. Kuna nini?"

"Friji limezimwa!"

"Halijazimwa. Linapumzika."

Povu alinyoosha kidole kwenye plagi.

"Saa sita mpaka saa kumi," Fundi alieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Kila siku. Chombo kinachofanya kazi usiku na mchana lazima kipumzike. Hili friji lina miaka kumi na tisa. Unajua wenzake wako wapi? Kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Wewe ukiosha vyombo saa ishirini na nne utafika miaka kumi na tisa?"

"Kila siku? Na Jumapili?"

"Jumapili nalala mchana. Halipumziki kwa kukosa msimamizi."

Ndiyo maana. Siku za kazi Povu hutoka saa moja asubuhi, hurudi saa kumi na moja jioni na kukuta friji linanguruma kama halijui lolote. Jumapili, siku pekee ya kuwa nyumbani mchana, msimamizi anakoroma. Miaka yote hii ameishi na friji lenye zamu, yeye hana habari.

Mama akaingia na kikapu cha nguo zilizokauka.

"Mama, ulijua Baba anazima friji?"

"Analipumzisha," Mama alisahihisha. "Kwani wewe hukujua? Kwa nini unadhani nachemsha maziwa mara mbili?"

"Nilidhani unapenda!"

"Nani anapenda kuchemsha maziwa?"

Povu aliyatoa makopo yale. Kwa juu yalikuwa magumu, ukibonyeza ukingoni unasikia barafu. Katikati kidole kilizama. Siku nne. Siku nne ameitukana sukari, amewatukana ng'ombe waliotoa maziwa, amemsingizia Mama mdogo kwamba mashine ina nuksi. Alitaka kulia, akacheka, na kile kicheko kikatoka vibaya kiasi kwamba Mama aliweka kikapu chini.

Saa sita na nusu. Kesho saa kumi Bosi anakuja. Alihesabu kwa vidole: saa ishirini na saba na nusu. Inatosha. Inatosha kabisa, ikiwa tu Fundi wa umeme, mwenye uzoefu wa miaka thelathini na moja, atakaa mbali na soketi.

"Baba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, ile inayowatisha watu kuliko ya juu. "Ile kazi ya kaunta inategemea hili friji. Ukilizima hata kidogo, mimi nitaosha vyombo hadi nizeeke, na mpwa wa Bosi atasimama kaunta akisukuma milango ya kuvuta. Naomba ule kiapo."

"Kiapo cha nini?"

"Kwamba hutalipumzisha mpaka mimi mwenyewe niseme lipumzishwe. Kwa mdomo wangu."

Fundi aliitazama plagi, akalitazama friji, kama mtu anayetakiwa kumpeleka rafiki yake vitani. Kisha akashika tesita yake mfukoni. "Naapa," alisema. "Lakini likifa, kwenye mazishi usije ukalia."

Povu aliyarudisha makopo kwenye friza, akaichomeka plagi. Friji likakohoa, likanguruma. Akachukua utepe mweusi wa Fundi mwenyewe, akaizungushia plagi na soketi mara nane. Mchana wote alimsikia Baba akija jikoni, anasimama, anaguna, anaondoka. Mara moja alimsikia akiliambia, "Jikaze."

*

Jumamosi aliomba ruhusa, akarudi kutoka kazini saa tisa, mbio. Utepe ulikuwa pale pale, mizunguko minane, aliihesabu. Alibonyeza makopo: jiwe. Alibonyeza katikati: jiwe. Alilibusu kopo moja, akaona Mama anamtazama, akajifanya anapima joto.

Saa kumi kamili Bosi alibisha hodi. Alikuwa amenyolewa mpaka masikio yanaonekana makubwa. Akakaribishwa jikoni penye mashine, akaketi kwenye kiti chenye mto, akakataa mto. Fundi akaketi mkabala naye, wakasalimiana kwa heshima za watu wazima ambao hawana la kusema.

"Kazi ianze," Bosi alisema.

Povu alilitia kopo kwenye mashine, akabonyeza. Mashine ikapiga ukelele kama bati linalokatwa kwa msumeno. Bosi alishika masikio yake mapya. Baada ya dakika mbili ikanyamaza. Povu alifungua kifuniko.

Unga. Ulikuwa unga mkavu wa kahawia, mwepesi, uliofumuka kama vumbi la mbao kwa seremala.

Bosi alikuja akainama juu ya kopo. Akakunja uso. "Hii," alisema, "nimekuja kunywa au kupaka?"

Povu alihisi makunyanzi ya vidole yanarudi yote. Lakini kijitabu alikuwa amekisoma kiasi kwamba kingeweza kumpitia ndotoni, na ukurasa wa sita ulisema: ikitoka kavu, ni kwa sababu imeganda vizuri sana, ongeza maziwa vijiko vitatu, zungusha tena. Hakuwahi kuufikia ukurasa wa sita kwa vitendo. Hakijawahi kuganda kitu vizuri sana katika nyumba hii.

"Bado haijaisha, Bosi," alisema. "Hii ni nusu ya kazi." Akamimina maziwa. Akabonyeza.

Mashine ikapiga ukelele, visu vikashuka, na kila kitu kikazimika. Mashine kimya. Friji kimya. Redio ya kibarazani kimya.

"Swichi kubwa imekatika," Fundi alisema, akiwa amesimama kabla hajamaliza kusema. Alikwenda ukutani, akaipandisha. Mashine ikapiga kelele, tap, ikazimika. Akapandisha. Tap.

"Nyaya haziwezi?" Bosi aliuliza.

Uso wa Fundi ulipita rangi tatu. "Nyaya zangu zinaweza," alisema. "Kuna mtu anafanya kitu."

Wote wakageukia upande wa pili wa jiko. Mama alikuwa amesimama karibu na birika la umeme, kidole kwenye kitufe.

"Mama!"

"Mgeni ameingia hapa robo saa, hajapewa hata chai!" Mama alijibu. "Unataka aende akaseme nini?"

"Amekuja kunywa kahawa!"

"Anakunywa? Mimi naona anatazama vumbi. Nitachemsha chai."

"Mama mwenye nyumba, mimi sina shida," Bosi alijaribu.

"Kaa, baba. Wageni wote husema hivyo."

Kwenye kopo, vijiko vitatu vya maziwa vilikuwa vinaanza kuulowesha unga pembeni. Joto la mchana lilikuwa linafanya kazi yake. Povu aliona kila sekunde ikiyeyuka mbele ya macho yake. Birika, friji, mashine: vitatu kwa pamoja swichi haitaki. Birika Mama haliachii, hilo lilikuwa wazi kama jua. Mashine haiwezi kuzimwa. Kikabaki kimoja.

Fundi alikuwa tayari amekifikia. Alisimama kando ya soketi, mikono nyuma, anautazama ule utepe mweusi. Hakuugusa. Alikuwa mtu wa kiapo.

"Baba," Povu alisema.

"Naam, mama."

"Friji."

"Friji limefanya nini?"

"Baba, mgeni anasubiri."

"Naona. Lakini mimi nimekatazwa. Kuna maneno maalumu niliambiwa niyasubiri, tena kwa mdomo wa mtu maalumu."

Povu alimtazama Bosi, aliyekuwa anafuatilia kama mtu aliyekaa mbele kwenye mchezo wa kuigiza. Alimtazama Mama, kidole bado kwenye kitufe. Akalitazama kopo.

"Lipumzishe," alisema.

"Sijasikia vizuri. Hili sikio la kulia lilipata shoti mwaka ule."

"BABA, LIPUMZISHE FRIJI!"

Fundi alibandua utepe ule mzunguko kwa mzunguko, bila haraka, akihesabu yote minane. Akachomoa plagi, akaitundika kwenye msumari wake. Akalipiga friji kofi dogo la pongezi. Kisha akapandisha swichi kubwa.

Birika likaanza kuimba. Mashine ikapiga ukelele wake hadi mwisho, dakika mbili nzima, bila kukatika. Povu alifungua kifuniko akiwa amefumba jicho moja.

Ilikuwa nzito, laini, ya rangi moja kuanzia juu hadi chini, na ilitikisika polepole kama inayojisikia. Huenda ni yale maziwa, huenda ni zile dakika ilizokaa ikiyeyuka kidogo wakati watu wazima wanabishana. Aliimimina kwenye glasi, ikashuka yenyewe, bila kusukumwa. Akatia mrija. Mrija ukasimama wima.

Bosi alivuta. Akakunja uso. Akavuta tena. Akaendelea kuvuta, macho kwenye sakafu, hadi mrija ukaanza kuguna chini ya glasi. Hakuna aliyepumua isipokuwa birika.

"Umetia kakao," alisema.

"Ndiyo, Bosi."

"Kwa nini?"

Povu alikuwa amechoka mno kutunga uongo. "Hasira."

Bosi alisogeza glasi mbele. "Kopo la pili liko wapi?"

Alikunywa na lile. Kisha akanywa na chai ya Mama, kwa sababu hakuwa na njia ya kutoka bila kuinywa. Alipofika mlangoni aligeuka. "Jumatatu, mbele. Saa moja kamili. Njoo na hiyo mashine mpaka ninunue ya kwangu." Povu akaitikia kwa kichwa. Bosi akawa bado amesimama. Alikuwa anamtazama Fundi. "Mzee, na pale kwangu swichi inakatika kila siku. Nimeita mafundi watatu vijana, wote wanataka kubomoa ukuta. Hebu na wewe uje uangalie."

Povu alitaka kusema hapana. Alitaka kusema kuna mafundi wazuri kule mtaa wa pili. Lakini Fundi alikuwa tayari amenyoosha shati, ameshika tesita.

"Vyombo vyako," alimwuliza Bosi kwa sauti ya siri, "huwa vinapumzika?"

*

Jumatatu Povu alisimama kaunta. Aproni kavu. Mikono mikavu, tena alikuwa ameipaka mafuta usiku, na makunyanzi yalikuwa yameanza kukubali kuondoka. Mpaka saa sita alikuwa ametengeneza kahawa za barafu nne, za kwanza kuuzwa pale, kutoka makopo aliyoyaleta yameganda, yake mawili na mengine aliyokopa kwenye lile duka la bahati nasibu. Mteja wa tano, mwalimu mmoja mwenye daftari kwapani, aliagiza na kusema ameisikia habari yake kwa mwenzake.

"Dakika tano tu, mwalimu," Povu alisema, akitabasamu kama mtu wa kaunta.

Hapo ndipo aliposikia ukimya.

Ulitoka nyuma yake, pale lilipokuwa friza kubwa la Bosi, lile la milango miwili, ambalo tangu asubuhi lilikuwa linanguruma vizuri kabisa. Povu hakugeuka. Aliifuta kaunta, ambayo ilikuwa safi. Akaifuta tena. Kisha akasikia nyundo ndogo ikigonga taratibu, msumari ukiingia ukutani.

"Baba."

"Naam, mama."

"Bosi anajua?"

"Bosi ndiye ameshika ngazi."

Povu alivuta pumzi ndefu, akamtazama mwalimu, akatazama saa ukutani. Saa sita na dakika mbili.

"Baba, nina mteja."

Kulikuwa na minong'ono nyuma, ya wanaume wawili wanaoshauriana kwa uzito. Halafu sauti ya Fundi ikaja, ya mtu anayetoa alichonacho.

"Mhudumie haraka. Mwambie huyo ni wa mwisho mpaka saa kumi."